SystemTap na alama zisizopatikana: tathmini ya zana ya kufuatilia kerneli ya Linux

Yeyote anayeandika moduli zake mwenyewe za kerneli ya Linux hufika siku anapohitaji kuona yanayotendeka ndani yake wakati mfumo unaendelea kufanya kazi, bila kutawanya mistari ya kuchapisha ya `printk` kila mahali na bila kuwasha mashine upya. SystemTap ilianza kutengenezwa mwaka 2005 kwa haja hiyo, kwa ushirikiano wa Red Hat, IBM, Intel na Hitachi. Tathmini hii inaiangalia kwa upande ambao wengi hukwama, yaani pale skripti inapotaka kutumia funksheni au kigeu kilichomo ndani ya moduli nyingine, na mfumo ukajibu kwamba alama hiyo (symbol, yaani jina la funksheni au kigeu hicho) haijulikani. Hukumu yangu naitoa mapema: kwa mtu mwenye moduli zake, sijaona zana inayofikia kina chake, mradi akubali kwamba skripti ya SystemTap si skripti kwa maana tuliyoizoea. Ikishatafsiriwa inakuwa moduli ya kerneli, na sheria zinazozibana moduli nyingine zinaibana nayo.

Amri ya `stap` huipitisha skripti katika hatua tano, na mtumiaji akiongeza `-v` huziona zikitajwa kwa namba pamoja na muda zilizotumia. Hatua ya kwanza husoma maandishi na kuyachanganua. Ya pili huyaoanisha na taarifa za utatuzi za DWARF ili kujua kila funksheni iliyotajwa iko wapi, na kila kigeu kimehifadhiwa katika rejista gani au sehemu gani ya kumbukumbu. Ya tatu huandika programu ya C, na ya nne huikompaili kwa kbuild, mfumo uleule unaojenga moduli nyingine yoyote. Ya tano huipakia ndani ya kerneli kwa msaada wa `staprun` na kuanza kupokea matokeo. Mpangilio huu ndio unaonifanya niiheshimu zana hii, kwa sababu kosa la alama huwa na sura tofauti kulingana na hatua lilipozuka, na mtu akishaijua namba ya hatua anakuwa amekwisha kuondoa sehemu kubwa ya sababu zinazowezekana.

Tuchukue moduli ndogo iitwayo `sensa`, iliyojengwa nje ya mti wa kerneli, yaani nje ya saraka ya msimbo wa chanzo wa kerneli. Ina funksheni `sensa_andika` inayopokea data, na nyingine, `sensa_kiwango`, inayorudisha kiwango cha sasa cha chaneli iliyotajwa. Tunataka kila mara `sensa_andika` inapoitwa, tuchapishe jina la programu iliyoiita pamoja na kiwango cha chaneli ya kwanza:

```
%{
extern int sensa_kiwango(int namba);
%}

function kiwango:long (n:long) %{
    STAP_RETVALUE = sensa_kiwango((int) STAP_ARG_n);
%}

probe module("sensa").function("sensa_andika") {
    printf("%s %d\n", execname(), kiwango(0))
}
```

Skripti hii huendeshwa kwa `stap -g kiwango.stp`. Chaguo la `-g` ni la lazima, kwa kuwa C iliyopachikwa haikubaliwi katika hali ya kawaida, ambayo hulinda kerneli dhidi ya msimbo usiokaguliwa. Mara nyingi matokeo ya kwanza si kiwango cha chaneli bali kosa.

Kosa likitokea katika hatua ya pili, likisema `semantic error` na kumalizia na `no match`, tatizo halihusu uunganishaji hata kidogo. SystemTap imeshindwa kuiona moduli au taarifa zake za utatuzi. Moduli inatakiwa iwe chini ya `/lib/modules/` katika saraka ya toleo la kerneli linalotumika, au itajwe kwa njia yake kamili ndani ya `module("...")`, na iwe imejengwa na taarifa za DWARF ambazo hazijaondolewa kwa `strip`. Kabla ya kuandika chochote kirefu, amri ya `stap -L 'module("sensa").function("*")'` huorodhesha kila funksheni inayoonekana pamoja na vigeu vyake, na kama orodha ni tupu hakuna haja ya kuendelea mbele hadi hilo litatuliwe.

Hatua ya nne ndiyo yenye utata zaidi. Hapa inafaa kutofautisha malalamiko ya kompaila na malalamiko ya `modpost`, programu inayokagua alama mwishoni mwa ujenzi. Kompaila ikisema `implicit declaration of function`, kilichokosekana ni tamko la `extern` au faili la vichwa, na mstari mmoja wa tamko unatosha. Lakini `modpost` ikisema kwamba `sensa_kiwango` ni `undefined!`, tamko lipo na kompaila imeridhika. Kinachokosekana ni ushahidi kwamba kuna mahali popote alama hiyo inapotolewa kwa moduli nyingine. Ushahidi huo hutafutwa katika faili la `Module.symvers` lililomo kwenye mti wa kerneli, ambalo huorodhesha alama zilizotolewa na kerneli yenyewe na moduli zilizojengwa pamoja nayo. Moduli yetu ilijengwa kando, kwa hiyo jina lake halimo. Katika kerneli za zamani hali hii ilitoa onyo tu, ujenzi ukaendelea, kisha upakiaji ukagoma kwa `Unknown symbol in module`. Katika kerneli za karibuni ujenzi husimama papo hapo, na naona huo ni utaratibu ulio bora, kwa kuwa kosa hujitokeza karibu na chanzo chake.

Dawa yake ipo, ingawa imefichika zaidi ya inavyostahili. Moduli inapojengwa nje ya mti, kbuild huacha `Module.symvers` ndogo katika saraka ya moduli hiyo, yenye alama zake peke yake. Kbuild inakubali kuelekezwa kwenye orodha hiyo ya ziada kwa kigeu cha `KBUILD_EXTRA_SYMBOLS`, na SystemTap hupitisha vigeu vya namna hiyo kwa chaguo la `-B`:

```
stap -g -B KBUILD_EXTRA_SYMBOLS=/home/kazi/sensa/Module.symvers kiwango.stp
```

Nalitaja jambo hili kwa mkazo kwa sababu nimeona wahandisi wazuri wakinakili msimbo mzima wa funksheni kutoka kwenye moduli na kuubandika ndani ya skripti ili kukwepa kosa la `undefined`. Kufanya hivyo kunaleta nakala ya pili yenye vigeu vyake tofauti, na majibu inayotoa hayana uhusiano wowote na hali halisi ya moduli inayofuatiliwa.

Hata hivyo `Module.symvers` haitasaidia kitu iwapo mwandishi wa `sensa` hakuitangaza funksheni kwa `EXPORT_SYMBOL` au `EXPORT_SYMBOL_GPL`. Wengi hupotea hapa kwa sababu wanaiona alama ndani ya `/proc/kallsyms` na kuamini kwamba inapatikana kwa wote. Kuonekana humo kunasema tu kwamba funksheni ipo kwenye kumbukumbu; hakusemi kwamba moduli nyingine inaruhusiwa kuiunganisha. Kipimo cha kuaminika ni kuendesha `nm sensa.ko` na kutafuta alama inayoanza na `__ksymtab_` ikifuatiwa na jina la funksheni. Ikiwepo, imetolewa, isipokuwepo, hakuna chaguo la mstari wa amri litakaloibadilisha. Kwa upande wa leseni hakuna wasiwasi, kwani moduli zinazozalishwa na SystemTap hujitambulisha kuwa za GPL na hivyo zinaruhusiwa kutumia alama za aina zote mbili.

Zamani kulikuwa na njia ya mkato. Moduli iliweza kuita `kallsyms_lookup_name`, ikapewa anwani ya alama yoyote iwe imetolewa au la, kisha ikairukia. Katika toleo la 5.7 la mwaka 2020 funksheni hiyo iliacha kutolewa kwa moduli, kwa mabadiliko yaliyoletwa na Will Deacon, kwa sababu njia hiyo ilikuwa inatumiwa kukwepa mpaka mzima wa alama zilizotolewa na zisizotolewa. Skripti nyingi za zamani zenye C iliyopachikwa zilivunjika siku hiyo, na mtu anayeokota mfano wa miaka mingi iliyopita na kuujaribu kwenye kerneli ya leo atakutana na `undefined` isiyokuwa na dawa ya `Module.symvers`. Nakubaliana na uamuzi huo, kwa kuwa ukaguzi wa matoleo ya alama hauna maana kama kila moduli inaweza kupita mlango wa nyuma.

Hatua ya tano ina mitego yake, nayo ni rahisi kuitambua kwa kusoma ujumbe wa kerneli kwa `dmesg` badala ya kutegemea ujumbe mfupi wa `staprun`. Mtego wa kwanza ni mpangilio wa upakiaji. Amri ya `modprobe` husoma `modules.dep` na kupakia moduli zinazotegemewa kwanza, lakini `staprun` huikabidhi kerneli moduli yake moja kwa moja bila kutafuta wengine. Kwa hiyo `sensa` lazima iwe imekwisha kupakiwa kabla ya skripti kuanza, ama sivyo jibu ni `Unknown symbol`. Mtego wa pili unahusu kerneli zilizojengwa na `CONFIG_MODVERSIONS`, ambazo huweka namba ya ukaguzi ya CRC kwa kila kinachotolewa. Ukiijenga upya `sensa` baada ya kubadilisha muundo wa data zake, kisha ukatumia `Module.symvers` ya zamani, kerneli itasema kwamba moduli `disagrees about version of symbol`. Hilo si usumbufu. Ni kinga dhidi ya kusoma muundo mmoja wa data kwa ramani ya mwingine, na dawa yake ni kuelekeza kwenye orodha iliyotoka katika ujenzi uleule wa moduli iliyopakiwa.

SystemTap yenyewe inaongeza kinga nyingine inayostahili sifa. Hulinganisha kitambulisho cha ujenzi cha moduli iliyokaguliwa katika hatua ya pili na kile cha moduli iliyomo kwenye kumbukumbu, na vikitofautiana hukataa kwa `Build-id mismatch`. Anayejenga moduli yake mara nyingi kwa siku ataukuta ujumbe huu, na kila mara utakuwa umemwokoa na namba za uongo.

Jambo moja zaidi kuhusu kuunganisha moja kwa moja: skripti ikishapakiwa, moduli yake inahesabiwa kuwa mtumiaji wa `sensa`. Ukiendesha `lsmod` utaona jina linaloanza na `stap_` katika safu ya mwisho ya mstari wa `sensa`, na `rmmod sensa` itakataa hadi skripti isimamishwe. Kwa mtu anayefuatilia kosa linalotokea wakati moduli inaondolewa, hali hiyo inaua kusudi lote la ufuatiliaji. Ipo pia hatari kubwa kuliko zote nilizozitaja. Msimbo wa probi (sehemu ya skripti inayoanza na `probe`) hutekelezwa katika mazingira yasiyoruhusu kulala, kwa hiyo `sensa_kiwango` ikichukua kufuli ya `mutex` au kuomba kumbukumbu kwa namna inayoweza kusubiri, mashine inaweza kuganda. Kikomo cha hatua 1000 kwa kila probi, ambacho SystemTap hukiweka kwa jina la `MAXACTION`, hakiwezi kulinda dhidi ya funksheni ya C uliyoiita kwa hiari yako.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, matumizi bora ya zana hii ni yale yasiyohitaji kuunganisha alama kabisa. Ikiwa kiwango kimehifadhiwa katika kigeu cha moduli, hata kama ni `static`, SystemTap inaweza kukisoma kwa kutumia DWARF bila kuita funksheni yoyote na bila `-g`:

```
probe module("sensa").function("sensa_andika") {
    printf("%s %d\n", execname(), @var("kiwango_cha_sasa@sensa.c"))
}
```

Kinachotokea hapa ni tofauti kabisa na uunganishaji. Hatua ya pili hukitafuta kigeu katika taarifa za utatuzi, hurekodi umbali wake kutoka mwanzo wa sehemu ya data ya moduli, na wakati wa kuendesha hujumlisha umbali huo na anwani halisi ambayo sehemu hiyo imewekwa. Anwani hizo ndizo zinazoonekana pia chini ya `/sys/module/sensa/sections/`. `EXPORT_SYMBOL` haihitajiki, `Module.symvers` haihitajiki, `sensa` haishikiliwi, na usomaji wa kumbukumbu hufanywa kwa njia inayostahimili anwani mbovu. Vigezo vya funksheni hupatikana vivyo hivyo kwa kuandika `$` mbele ya jina, pamoja na mishale ya kuingia ndani ya miundo ya data, na `@cast` hushughulikia viashiria visivyo na aina. Uwezo huu wa kuona vilivyofichwa ndani ya faili la chanzo ndio unaoiweka SystemTap juu ya nyingine zote kwa kazi ya moduli binafsi.

Kwenye kuchapisha mfuatano wa miito, zana hii inasumbua kidogo. `print_backtrace()` ikipita ndani ya moduli ambayo haikutajwa kwenye skripti, hutoa namba tupu za heksadesimali. Mara nyingi huandamana na onyo linalokuelekeza kurudia kwa `stap -d` na jina la moduli, ambalo huingiza jedwali la alama za moduli hiyo ndani ya moduli ya skripti. Chaguo la `--all-modules` huingiza za moduli zote zilizopakiwa, kwa gharama ya moduli nene na ujenzi wa polepole.

Gharama halisi ya SystemTap kwa wasomaji wa huku kwetu iko kwenye upakuaji. Kifurushi cha taarifa za utatuzi za kerneli, kama `kernel-debuginfo` cha Fedora, kina mamia ya megabaiti, nacho lazima kilingane herufi kwa herufi na matokeo ya `uname -r`. Kerneli ikisasishwa, upakuaji unarudiwa. Skripti ya `stap-prep` huleta vifurushi vinavyofaa bila kukosea toleo, na hiyo ni nafuu, lakini haipunguzi bando linalotumika. Kinachosaidia kweli ni kutenganisha mashine. Mashine moja ya maabara yenye vifurushi vyote huendesha `stap -p4 -m kiwango -r` pamoja na toleo la kerneli la seva, na hivyo huishia hatua ya nne na kuacha `kiwango.ko`. Faili hilo hunakiliwa hadi kwenye seva yenye `systemtap-runtime` tu na kuendeshwa kwa `staprun kiwango.ko`. Seva haihitaji kompaila wala taarifa za utatuzi, na ofisi yenye seva nyingi za toleo moja hupakua mara moja tu. Msimamizi anaweza kumruhusu mtumiaji wa kawaida kuendesha moduli zilizoidhinishwa kwa kumwingiza katika kundi la `stapusr`, bila kumpa mamlaka ya `root`.

Mshindani wake wa leo ni bpftrace, iliyoandikwa na Alastair Robertson, na haitakuwa haki kuiacha. Huanza kwa haraka sana, haikompaili moduli, na haijui kabisa kosa la `undefined` la `modpost`, kwa kuwa programu za BPF (programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya kerneli bila kuwa moduli) haziunganishwi na alama za moduli nyingine. Lakini uhuru huo una bei yake. Huwezi kuita `sensa_kiwango` kutoka humo, na aina za data hutegemea BTF (taarifa fupi za aina za data za kerneli na moduli), ambayo kwa moduli zilizojengwa nje ya mti mara nyingi haipo. Aliyewahi kujenga moduli bila faili la `vmlinux` anaufahamu mstari unaoanza na `Skipping BTF generation`. Tena kompaila ya GCC ikigawanya funksheni na kuipa jina lenye kiambishi kama `.isra.0` au `.constprop.0`, kprobe (mtego unaowekwa kwenye funksheni ya kerneli) ya jina la asili haiishiki, wakati SystemTap huifuata kwa DWARF na hata kuweka probi mahali funksheni ilipoyeyushwa ndani ya nyingine. Kwa maswali ya kila siku kuhusu diski, mtandao na miito ya mfumo, ningemshauri mtu atumie bpftrace.

Udhaifu wa SystemTap unaonikera zaidi ni kwamba inaikimbiza kerneli. Msimbo wake wa C hutegemea miundo ya ndani ambayo wasanidi wa kerneli hawajaahidi kuitunza, kwa hiyo kerneli mpya kabisa ikioanishwa na SystemTap iliyokaa kwenye hazina ya kifurushi kwa muda mrefu, hatua ya nne hufurika makosa yasiyohusiana na skripti yako. Ukiona makosa yanataja faili zilizo chini ya `/usr/share/systemtap/runtime`, usipoteze muda kwenye skripti. Tafuta toleo jipya la SystemTap. Mashine yenye Secure Boot (ulinzi unaoruhusu msimbo uliotiwa saini tu) nayo hukataa moduli isiyotiwa saini, na kulitatua hilo kunahitaji seva ya ukompaili yenye ufunguo uliosajiliwa kwenye mashine husika. Kazi hiyo inawezekana, lakini si ya kuanza nayo wakati seva imekwisha kuleta matatizo.

Anayetaka kuijaribu aanze na mashine ya pembeni ambayo kuganda kwake hakutamuumiza mtu, asakinishe toleo la karibuni la SystemTap, aendeshe `stap-prep`, kisha aorodheshe funksheni za moduli yake kwa `stap -L`. Asome vigeu kwa `@var` na `$` kwa kadiri itakavyowezekana, na `-g` pamoja na `-B` aziache hadi atakapokuwa na funksheni iliyotolewa rasmi, isiyolala, ambayo jibu lake haliwezi kupatikana kwa kusoma kumbukumbu.